Nani Katenda? Kitenzi cha Kiswahili na Ufundishaji wa Uandishi wa Habari Vyuoni



Mihadhara ya taaluma za Kiswahili aghalabu huhusu fasihi, isimu na historia ya lugha. Leo naomba tuingie katika darasa ambalo wanaisimu hulitembelea kwa nadra: darasa la kuripoti na kuandika habari.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uandishi wa habari hufundishwa tangu wiki za mwanzo kwamba habari iliyokamilika hujibu maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Hufundishwa hayo, kwa sehemu kubwa, kwa Kiingereza na kwa vitabu vya Kiingereza. Akishahitimu, huajiriwa na gazeti au redio inayozungumza na umma kwa Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba katika safari hiyo, swali linaloumia zaidi ni lile la kwanza. Katika Kiswahili jibu la swali "nani?" halikai katika jina peke yake, bali limefumwa ndani ya kitenzi. Mwandishi asiyefunzwa kitenzi cha Kiswahili anaweza kuwa na maadili mema na bidii nyingi, na bado akaandika habari inayomficha mtenda au inayomhukumu asiyetenda.

2.0 Magazeti yalitangulia, madarasa yakafuata

Uandishi wa habari kwa Kiswahili ni mkongwe kuliko shule zake. Wamisionari wa UMCA walianza kutoa Msimulizi huko Zanzibar mwaka 1888. Tanga ilipata Kiongozi mwaka 1904, na mwaka 1923 Mambo Leo likaanza kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Kwetu, gazeti lililomilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika. Waandishi wa magazeti hayo walijifunza kazi kazini, na lugha waliyojifunzia ndiyo waliyoandikia.

Mafunzo rasmi ya chuo yalikuja baadaye. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shule ya uandishi wa habari mwaka 1970. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kilianzishwa mwaka 1975, na mwaka 2003 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko Nyegezi, Mwanza, mafunzo ya fani hii yalikuwapo miaka mingi kabla ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kuzaliwa hapo mwaka 1998. Baadaye Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za mwaka 2017 zilifungamanisha utambuzi wa mwanahabari na kiwango chake cha elimu. Kwa hiyo darasa limekuwa lango la kuingilia katika kazi hii, na lugha ya darasa hilo inawahusu wasomaji na wasikilizaji wote.

3.0 Piramidi na kiambishi -ka-

Umbo la habari linalofundishwa kwanza ni piramidi iliyopinduliwa: lililo zito hukaa juu, na maelezo hupungua uzito kadiri tunavyoshuka. Umbo hili lilikomaa katika magazeti ya Marekani, na lina faida yake. Msomaji mwenye haraka hupata kiini katika aya ya kwanza, na mhariri mwenye nafasi finyu hukata kutoka chini bila kuijeruhi habari.

Lakini umbo hili huvunja mfuatano wa wakati, nao ndio uti wa mgongo wa masimulizi ya Kiswahili. Msimulizi wetu husema: alitoka, akaenda, akamkuta. Mwanafunzi anayeingia chuoni na urithi huo huhitaji kuelezwa kuwa kila njeo ina mahali pake katika habari. Aya ya kwanza huchukua -me-: "Watu watatu wamefariki dunia na wengine saba wamejeruhiwa baada ya basi kupinduka." Aya ya pili hushuka katika -li-: "Ajali hiyo ilitokea jana saa kumi jioni." Kiambishi -ka- hungoja chini, pale tukio linaposimuliwa hatua kwa hatua. Kitabu cha Kiingereza hakiwezi kumpa mwanafunzi mgawanyo huu, kwa sababu Kiingereza hakina -ka-.

Tena -ka- ina hatari yake. Kazi yake ya kisarufi ni kufuatanisha matendo, lakini msikilizaji huweza kusikia kwamba tendo la kwanza limezaa la pili. Mwandishi akiandika, "Mhasibu alikabidhiwa ufunguo Ijumaa, fedha zikatoweka," hajataja wizi wala mwizi, na hata hivyo kila msomaji amekwisha kumjua mwizi. Linganisha na hii: "Mhasibu alikabidhiwa ufunguo Ijumaa. Jumatatu wakaguzi walifungua sanduku na kukuta fedha hazimo." Taarifa ni zilezile, lakini katika sentensi ya pili mwandishi hajavuka ushahidi alionao.

4.0 Kutenda, kutendwa na kutendeka

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Tuchukue tukio moja na sentensi tatu:

(a) Halmashauri imebomoa vibanda arobaini.
(b) Vibanda arobaini vimebomolewa.
(c) Vibanda arobaini vimebomoka.

Sentensi (a) inamtaja mtenda. Sentensi (b) haimtaji, lakini imemwachia mlango: msomaji anajua yupo aliyebomoa, na anaweza kuuliza ni nani. Sentensi (c) imeufunga mlango huo. Sarufi ya kauli ya kutendeka hairuhusu mtenda kuongezwa, kwani hakuna asemaye "vimebomoka na halmashauri." Tukio linasimama kana kwamba limejizaa lenyewe.

Vitabu vya Kiingereza humwonya mwanafunzi aepuke kauli ya kutendwa, kwa kuwa huficha mtenda na kurefusha sentensi. Mwanafunzi mtiifu hulibeba onyo hilo na kulitumia katika Kiswahili. Anaikimbia "vimebomolewa" na kuangukia "vimebomoka," akidhani ameandika sentensi hai na fupi. Kumbe amemficha mtenda zaidi ya hapo awali. Onyo lililofaa katika lugha moja limegeuka kuwa mtego katika nyingine.

Kauli ya kutendeka si adui. Nyumba iliyoangushwa na mvua imebomoka kweli, na basi ambalo chanzo cha ajali yake hakijajulikana limepinduka. Ubaya huanza pale taarifa za wakubwa zinapoingia gazetini pamoja na vitenzi vyake: mradi umekwama, dawa zimekwisha, faili limepotea, fedha hazikupatikana. Vitenzi hivi vyote ni Kiswahili fasaha, na kila kimoja kinaweza kuwa kweli. Hata hivyo, yupo aliyepaswa kuagiza dawa, na yupo aliyepaswa kulitunza faili. Mwananchi aliyerudi kutoka zahanati mikono mitupu anastahili kumjua.

Kauli ya kutendwa nayo ina mtego wake wa Kiswahili, yaani neno dogo "na." Kichwa cha habari kinachosema "Mwalimu auawa na mkewe" kinaweza kumaanisha kuwa mke ndiye muuaji, na kinaweza kumaanisha kuwa wote wawili ni marehemu. Nafasi ya kichwa ni finyu, lakini hadhi ya mwanamke huyo haipaswi kulipia ufinyu wa safu. Ikiwa wote wamekufa, iandikwe "Mwalimu, mkewe wauawa." Ikiwa mke anashukiwa tu, basi hakuna "na" inayoweza kumwokoa mwandishi. Ni lazima aandike nani anamshuku na kwa msingi gani.

5.0 Kusema, kudai, kukiri

Kundi jingine linalohitaji darasa ni vitenzi vya usemi. Mwanafunzi akiogopa kurudia "amesema," huchukua chochote kilicho karibu: amebainisha, amefichua, amekiri, amedai. Lakini kila kimoja kina hukumu ndani yake. Anayebainisha amesema kweli, na anayefichua ameonyesha kilichofichwa. Anayekiri ana kosa, ilhali anayedai hajaaminiwa bado. Mwandishi akiandika kwamba waziri "amebainisha" na mwanakijiji "amedai," amekwisha kuwahukumu wote wawili kabla msomaji hajasikia hoja zao. "Amesema" ni kitenzi cha haki, na kurudiwa kwake si umaskini wa lugha.

Kutoka hapo ni hatua moja kufikia "inadaiwa," neno linalopendwa mno katika habari za uhalifu. Linaonekana kama kinga ya kisheria, lakini ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda: nani anadai? Jirani, askari, au mwandishi mwenyewe? Ukimtaja anayedai, msomaji ataweza kupima uzito wa madai yake.

Majina ya watu huongozwa na kanuni hiyohiyo. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika kuwa na hatia. Kiswahili kimetupatia ngazi kamili: mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa, na baada ya hukumu ndipo tunamfikia mfungwa. Hata hivyo, tumezoea kusoma kwamba "jambazi ameuawa na wananchi wenye hasira kali." Tuipime sentensi hiyo. Aliyeuawa hakufikishwa mahakamani, lakini amepewa jina la aliyehukumiwa. Waliomuua wametenda kosa la jinai, lakini wameitwa wananchi, na hasira yao imetajwa kana kwamba ndiyo utetezi wao. Mtenda yupo katika sentensi, ila amevishwa vazi la kumsafisha. Mwandishi angeweza kusema: "Kundi la watu limempiga hadi kumuua kijana wakimtuhumu kuiba pikipiki." Ni sentensi ya kawaida kabisa, nayo inampa kila mtu nafasi yake.

6.0 Mapendekezo kwa darasa

Naomba sasa nipendekeze zoezi moja ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya bila kifaa kingine zaidi ya karatasi. Mwalimu achukue taarifa ya ofisi kwa vyombo vya habari, iwe ya halmashauri, ya polisi au ya hospitali. Wanafunzi wapigie mstari kila kitenzi chenye -w- ya kutendwa au -k- ya kutendeka. Kando ya kila kimoja waandike jibu moja kati ya matatu: namjua mtenda, simjui, nimefichwa.

Palipoandikwa "namjua," sentensi igeuzwe kuwa ya kutenda. Palipoandikwa "simjui," kitenzi kibaki, na habari iseme wazi kwamba chanzo hakijajulikana. Palipoandikwa "nimefichwa," mwanafunzi aifunge kalamu, anyanyuke, arudi katika ofisi ile na kuuliza. Asipojibiwa, aandike kwamba aliuliza, alimwuliza nani, na hakujibiwa. Kwa njia hii sarufi inamrudisha mwandishi mtaani. Kuripoti na kuandika, ambavyo ratiba huviweka katika vipindi viwili, vinaonekana kuwa kazi moja.

Pendekezo la pili linatuhusu sisi wa idara za Kiswahili. Katika vyuo vikuu vyetu idara hizo na shule za uandishi wa habari huweza kuwa jirani bila kutembeleana. Wanaisimu wamechambua kauli za kitenzi kwa miongo mingi, lakini uchambuzi huo haujafika vya kutosha mahali unapohitajika kila siku kabla gazeti halijakwenda mtamboni. Somo la pamoja, lenye mifano kutoka magazeti yetu wenyewe, lingezinufaisha pande zote mbili.

Yamkini wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kufundishia fani hii, au kwamba mwanafunzi atakosa ufunguo wa nyaraka za kimataifa. Kwa la kwanza, vyumba vya habari vinatumia kila siku maneno kama kichwa cha habari, chanzo, dondoo, aya, makala, mhariri na uwiano. Hayo yanatosha kuanzia. Kwa la pili, sipendekezi Kiingereza kifukuzwe. Mwandishi wetu hupokea ripoti nyingi kwa Kiingereza na kuziandika kwa Kiswahili, na huo ni ujuzi unaostahili kipindi chake. Ninachokataa ni kudhani kwamba mtu akijua kuandika habari kwa lugha moja, amekwisha kujua kuiandika kwa nyingine.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba maswali sita ya habari hayapiti katika lugha zote kwa njia moja. Katika Kiswahili, swali la mtenda huamuliwa na herufi chache zilizo mwishoni mwa kitenzi, na uchaguzi wa herufi hizo unaweza kumfichua mwenye wajibu au kumsitiri, kumlinda mtuhumiwa au kumhukumu. Uchaguzi wenye uzito kiasi hicho hauwezi kuachwa kwa mazoea. Nawasihi wanafunzi waliomo humu, wa uandishi wa habari na wa isimu pia, kila wanapokutana na sentensi isemayo kwamba jambo fulani limeharibika, limekwama au limepotea, wajizoeze kuuliza kwanza: nani katenda, na tumejuaje?