SEMINA ZA INTANETI ZISIWE KARAMU YA WACHACHE

(Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa serikali.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mipango na fedha za semina za wananchi kuhusu usimamizi wa intaneti. Najua wapo miongoni mwetu wanaosema kimoyomoyo kwamba hilo ni jambo la mafundi. Sina budi kuanza kwa kulikataa wazo hilo.

Usimamizi wa intaneti ni majibu ya maswali machache. Nani anagawa majina na namba ambazo pasipo hizo kompyuta haziwezi kutambuana? Nani anamiliki nyaya zilizolazwa chini ya bahari? Nani ana ruhusa ya kuweka habari za mtu, na kwa masharti gani? Majina na namba hizo husimamiwa na ICANN, chombo kilichoundwa mwaka 1998 na chenye makao yake California, Marekani. Mgawo wa namba za Afrika uko chini ya AFRINIC, yenye makao Mauritius. Na nyaya je? Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini, na huduma ikazorota nchini mwetu na kwa majirani zetu. Siku ile mfanyabiashara aliyeshindwa kupokea malipo hakusema kwamba hilo ni jambo la mafundi.

Mwaka 2005, huko Tunis, mataifa yalikubaliana kwamba serikali, makampuni na wananchi kila mmoja ana sehemu yake katika usimamizi huu. Yakaanzisha jukwaa la dunia, lililokutana kwa mara ya kwanza Athens mwaka 2006. Mwaka 2011 lilikutana Nairobi. Na Mei 2025 jukwaa la Afrika lilikutana hapa hapa Dar es Salaam. Jukwaa hilo la dunia halina mamlaka ya kutunga sheria. Nguvu yake yote ni hoja. Kwa hiyo basi, anayefika bila hoja hurudi nyumbani na hoja za wenzake. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa semina zetu.

Lakini ni semina za namna gani? Nitawasimulia moja niliyohudhuria. Mwenyeji wake sitamtaja. Ilifanyika hotelini kwa siku mbili. Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza. Ajenda ilikuja pamoja na fedha, zote kutoka ng'ambo. Alasiri ya siku ya pili mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisimama akauliza kwa Kiswahili: "Nikituma majina, picha na alama za wanafunzi katika kundi la wazazi kwenye simu, nani anawajibika zikifika kusikotakiwa?" Mwenyekiti akajibu kwamba muda umekwisha. Baada ya hapo tulipanga mstari wa kutia saini posho, na mimi nilikuwamo katika mstari huo.

Ndugu zangu, swali la mwalimu yule lilikuwa ndilo semina yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, na imeanza kutumika tangu mwaka 2023. Inamgusa mwalimu mkuu, karani wa masjala, mganga wa zahanati na afisa mtendaji wa kata. Kama hawa hawakuelezwa, alielezwa nani?

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kufuata. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu cha Kiswahili chepesi, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ngazi: wachache waliwafundisha wengi, na wengi wakawafundisha wengi zaidi. Fedha na jitihada zilielekezwa kwenye vitabu, redio na mafunzo ya viongozi. Hapakuwa na mstari wa posho milioni 2.

Kutokana na mfano huo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, mpango uanze na maswali ya wananchi. Kabla ya kuandika makisio, mwalimu na afisa maendeleo ya jamii wakusanye maswali katika kata. Ajenda itokane na maswali hayo, na iandikwe kwa Kiswahili.

Pili, mahali pawe darasani au katika ukumbi wa kata. Gharama zibaki za kweli: nauli ya anayetoka mbali, chakula cha mchana, uchapaji wa vijitabu na malipo ya mkufunzi. Nitaambiwa kwamba bila posho watu hawaji. Hofu hiyo ina msingi, maana sisi wenyewe ndio tuliowazoeza watu hivyo. Lakini mzazi atakuja kusikiliza jambo linalomhusu mwanawe. Asipokuja, huenda tumemwandalia jambo lisilomhusu.

Tatu, fedha ya kwanza iwe yetu wenyewe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayeomba fungu mwezi Juni amekwisha chelewa. Maombi yaingie katika mipango ya halmashauri mapema. Tunao pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili huduma za mawasiliano zifike vijijini. Inafaa tujadiliane kama mnara bila ujuzi wa kuutumia kwa usalama ni huduma iliyokamilika. Msaada wa nje tusiukatae. Hata jukwaa la dunia limeendeshwa kwa michango ya hiari ya serikali na makampuni. Ila ajenda itangulie, msaada ufuate, na hesabu zibandikwe ukutani kila mtu azisome.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiyejua ugonjwa wake hatapona hata akitembelewa na wageni mia. Semina ni dawa iwapo tumeipanga sisi, kwa lugha yetu, kwa maswali yetu. Vinginevyo ni karamu ya wachache, na bili yake italetwa kwa wasioalikwa.

Mwalimu yule bado anangoja jibu. Tusimwambie tena kwamba muda umekwisha.