Punda wa Balaamu na mbwa wa kwetu
(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye radio siku ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, tarehe 4 Oktoba)



Leo Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi, rafiki wa maskini na wa viumbe vyote. Katika nchi nyingi waamini huleta wanyama wao kanisani siku ya leo ili wabarikiwe. Sisi hapa Bukavu tunaleta mbuzi na kuku siku ya matoleo, lakini mbwa tunamwacha nyumbani, tena mara nyingi amefungwa kamba. Basi leo nataka tuongee juu ya huyo tuliyemwacha nyumbani.

Mnakumbuka habari ya Balaamu katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Balaamu alikuwa safarini, amepanda punda wake. Malaika wa Bwana akasimama njiani na upanga mkononi. Punda alimwona, Balaamu hakumwona. Punda akakimbilia shambani, akapigwa. Wakafika mahali pembamba kati ya kuta mbili, punda akajibana ukutani na kuumiza mguu wa bwana wake, akapigwa tena. Mara ya tatu njia haikuwa na pa kupita, punda akalala chini. Balaamu akakasirika, akampiga kwa fimbo. Ndipo Mungu akakifungua kinywa cha punda, naye akauliza amekosa nini hata apigwe mara tatu. Mwishoni malaika akamjulisha Balaamu kwamba yule punda aliyepigwa ndiye aliyemwokoa na kifo.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi mbele ya watu, mimi katekista wenu. Lakini niliielewa siku mbwa wangu alipomuuma mjukuu wangu.

Acha niwaambie namna ilivyokuwa. Mnajua usiku wetu hapa mjini. Kila mtu anatafuta mlango wa chuma, kufuli kubwa, na mbwa mkali. Mimi nilipata mbwa mdogo, tukamwita Bobi. Watu wakanishauri: mfunge kamba fupi mchana kutwa, mpe pilipili, mpige kidogo kila siku, atakuwa mkali. Nikafuata. Kila aliponguruma mtu akipita karibu na sahani yake, nilimpiga kwa kandambili. Baada ya miezi akaacha kunguruma. Nikajisifu mbele ya majirani: tazameni, amepata adabu.

Siku moja mjukuu wangu, mtoto wa miaka sita, aliinama kuokota mpira karibu na sahani ya Bobi. Bobi hakunguruma. Alimuuma mkono mara moja, kimya.

Wandugu, kunguruma ni sauti ya mbwa ya kusema: naogopa, usinikaribie. Mimi nilimpiga kwa sababu ya kusema. Hofu yake ilibaki palepale. Kilichoondoka ni onyo tu. Kama Balaamu, nilimpiga mnyama aliyekuwa akinionyesha hatari.

Tulimwosha mtoto kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, tukamkimbiza kituo cha afya, akaanza sindano za kichaa cha mbwa siku ileile. Bobi tulimfunga mahali pa salama tukamwangalia siku 10. Hakuugua, Mungu asifiwe. Lakini siku zile 10 sikulala. Maana ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na karibu watu wote wanaoupata, wanaupata kwa mbwa. Kwa hiyo, kabla ya fundisho lolote, nasema hivi: mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha arudiwe kila mara veterineri anapopanga. Na mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, asipakwe majani wala mafuta. Maji, sabuni, dakika 15, kisha kituo cha afya bila kungoja kesho.

Majirani waliniambia: muue huyo mbwa. Nilikuwa tayari. Aliyenizuia ni mzee mmoja, zamu wa parokia, anayelinda usiku na mbwa wawili wasiojua fimbo. Akaniambia: “Katekista, wewe ndiye uliyemfundisha kuuma. Mfundishe basi kingine.” Aliyonionyesha ndiyo ninayowapa leo.

Neno la kwanza: mbwa anashika kinachomletea faida. Ukitaka arudie jambo, mlipe palepale anapolitenda, kabla hujahesabu mbili. Ukichelewa, hajui unamlipia nini. Malipo si lazima nyama. Kichwa cha sambaza kinatosha, au bonge la bugali dogo kama punje ya haragi. Kitoe katika chakula chake cha kila siku, basi hakuna gharama ya kuongeza. Baadaye, akishajua, utampa mara mojamoja tu, na mara nyingine sauti nzuri na kumpapasa kifuani vitamtosha.

Neno la pili: anza na kumwita. Chagua neno moja, na nyumba nzima ilitumie lilelile. Sisi tunasema “Kuya!” Simama karibu, mwite, akigeuka tu mpe sambaza. Kesho ongeza hatua mbili, keshokutwa tano. Na kamwe usimwite mbwa ili umpige. Ukimwita mara moja ukampiga, umemfundisha kwamba “Kuya” maana yake ni maumivu, na siku atakapotoka mbio kuelekea barabara ya magari hatarudi.

Neno la tatu: mfundishe kukaa. Shika sambaza mbele ya pua yake, kisha inua mkono polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikifuata juu, matako yatashuka chini. Yakigusa udongo, sema “Ikala” na umpe. Fanya dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, kisha acha angali anapenda. Mbwa anayejua kukaa ana kazi ya kufanya mgeni anapoingia. Yule anayerukia watu, msimsukume wala kumpigia kelele, maana kwake hata kelele ni mchezo. Geukeni, mkunje mikono, mnyamaze. Miguu yote minne ikirudi chini, ndipo mumsalimie. Lakini watu wote wa nyumba wafanye hivyo. Baba akikataza na watoto wakicheka, mbwa atawafuata watoto.

Neno la nne: mbwa mdogo anayechafua nyumba. Wengi wetu tunamkamata na kumsugua pua ndani ya uchafu. Ameshasahau alichofanya. Anachojifunza ni kwamba mtu akiwepo, ajifiche, na kesho atachafua nyuma ya kabati. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Akifanya nje, mpe malipo palepale. Ndani safisha kimya.

Neno la tano ndilo lililomponya Bobi. Anayelinda sahani yake anaogopa kunyang’anywa. Usimnyang’anye. Mimi nilianza mbali, hatua sita, pale ambapo bado alikula kwa utulivu. Nilipita, nikarusha kipande cha samaki kizuri kuliko alichokuwa anakula, nikaenda zangu. Siku nyingi hivyo, nikikaribia kidogokidogo. Alipokaza mwili au kuacha kutafuna, nilirudi nyuma, sikumpiga. Ilichukua karibu miezi mitatu hata mkia wake ukatikisika aliponiona nakuja. Kazi hiyo ni ya mtu mzima, si ya mtoto. Na hata leo Bobi anakula peke yake nyuma ya nyumba, na mjukuu wangu hapiti pale. Kusamehe si kuacha akili.

Wafundisheni watoto mambo matatu: mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha, haguswi, mbwa wa watu haguswi bila ruhusa ya mwenyewe, na mbwa asiyemjua akija mbio, mtoto asimame kama mti, mikono chini, asikimbie wala asipige kelele.

Na paka je? Paka akiiba samaki mezani, mama wengine wanammwagia maji ya moto. Ile ni dhambi, tena haifai kitu: paka atajifunza kukuogopa wewe, na samaki ataiba ukiwa sokoni. Funika sufuria. Mpe chakula chake saa moja kila siku, umwite kwa sauti ileile, na ukimkuta amekaa chini penye nafasi yake, umlipe. Paka naye anajua kuhesabu faida.

Sasa nasikia baba mmoja akiuliza: katekista, mbwa aliyelelewa kwa upole atafukuza mwizi? Baba, mbwa hubweka kwa sababu anajua hapa ni kwao. Aliyefungwa kamba fupi na kupigwa hajui adui ni nani. Kila mkono kwake ni fimbo. Huyo humuuma jirani aliyekuja kukusaidia moto ukiwaka. Bobi anabweka usiku, mimi naamka, majirani wanaamka. Ulinzi ndio huo. Mchana mfungue atembee ndani ya ua, na ukilazimika kumfunga, kamba iwe ndefu, apate kivuli na maji.

Mwingine atasema: watu wana njaa, nawe unahubiri mbwa. Ni neno la haki. Katekisimu ya Kanisa, namba 2418, inafundisha yote mawili: kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu, na tena haifai kumpa mnyama upendo na mali ambavyo watu wanapaswa kupewa. Sisemi mbwa ale nyama na mtoto alale njaa. Kuacha fimbo hakuhitaji franka hata moja.

Na hapa ndipo neno langu la mwisho linapofika. Nilipoacha kumpiga Bobi, mke wangu aliniambia jioni moja: “Baba, siku hizi hata watoto huwapigi kelele kama zamani.” Nilinyamaza. Mtoto kwangu alikuwa amezoea kunyamaza kama Bobi, nami niliita adabu. Kijana anayeficha kosa lake kwa hofu ya baba hana adabu bado. Amejifunza tu kutonguruma. Naye siku moja atauma, au ataondoka nyumbani. Wandugu, nyumbani kwako, nani ameacha kukuambia anachoogopa?

Kwa juma hili nawapa kazi moja. Kila siku, mtafute mnyama wako anapofanya vema, hata jambo dogo, umlipe. Kisha mtafute mtoto wako vilevile, na mke, na mume. Tutaulizana katika shirika siku ya mkutano.

Tuombe. Ee Mungu uliyemuumba kila mwenye pumzi, ulifungua macho ya Balaamu akiwa na fimbo mkononi. Fungua na yetu. Walinde watoto wetu, ponya hofu iliyo katika nyumba zetu, utufanye wapole kama Mwanao alivyo mpole. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.