Siku Kuu za Majira ya Baridi

Tumeombwa kunena machache juu ya siku kuu ambazo watu wa mataifa mbalimbali huzifanya wakati wa baridi. Huenda mtu akauliza, "Habari hizi zatuhusu nini sisi tusioijua theluji?" Zatuhusu, kwa kuwa kila mwisho wa mwaka twaona madukani miti iliyopambwa kwa pamba nyeupe mfano wa theluji, na picha ya mzee mwenye ndevu ndefu aliyevaa nguo za manyoya, na wengi hudhani ya kuwa mambo hayo ndiyo siku kuu yenyewe. Tena wako wanaokopa ili wayapate. Basi ni vema tujue asili ya desturi hizi, tupate kushika lifaalo na kuacha lisilofaa.

Kwanza yatupasa kuielewa baridi yenyewe. Sisi tukaao karibu na Ikweta tumezoea mchana wa saa 12 na usiku wa saa 12, na tofauti yake ni ndogo mwaka mzima. Kaskazini sivyo. Dunia hulizunguka jua hali imeinama, kadiri ya digrii 23 na nusu, na mwezi wa Desemba upande wa kaskazini huwa umeinamia mbali na jua. Siku ya 21 au 22 ya mwezi huo, mchana wa London hautimizi saa 8. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, hupata mchana wa saa 6 hivi. Na Tromsø, kaskazini ya Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari.

Katika majira hayo mashamba hulala na majani hayaoti. Zamani mkulima wa Ulaya alipoona ya kuwa majani makavu aliyoyaweka hayatatosha kulisha wanyama wote, aliwachinja baadhi yao baridi ilipoanza, nyama akaitia chumvi au akaikausha kwa moshi. Kwa hiyo karamu ya Desemba ilitoka ghalani, nalo ghala lilijazwa kwa kazi ya miezi ya joto. Watu walikuwa wamekwisha kuvuna, hawakuwa na jembe mkononi. Tena siku ile iliyo fupi kuliko zote ilikuwa siku ya tumaini, kwa maana baada yake mchana huanza kurefuka kidogo kidogo.

Sasa na tutazame jinsi watu wanavyoishika furaha hiyo. Katika Sweden, tarehe 13 Desemba, huadhimishwa siku ya Mtakatifu Lusia. Msichana huvaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, na kichwani taji la mishumaa, akatangulia mbele ya wenzake wakiimba alfajiri gizani, nao huwapa watu mikate midogo yenye zafarani. Katika Norway na Sweden iko desturi nyingine nzuri: mwenye shamba hufunga mganda wa nafaka juu ya mti mrefu nje ya nyumba, ili ndege nao wapate chakula wakati ambapo ardhi imefunikwa na theluji.

Mti wa Krismasi asili yake ni Ujerumani. Watu wa huko walichagua aina ya msunobari kwa kuwa haupukutishi majani yake wakati wa baridi, miti mingine inapokuwa mitupu. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilipiga chapa picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyezaliwa Ujerumani, wamesimama na watoto wao kando ya mti kama huo, na desturi ikaenea sana Uingereza. Tangu mwaka 1947 mji wa Oslo hupeleka London mti mrefu kila mwaka, usimamishwe katika uwanja wa Trafalgar Square, uwe shukrani kwa msaada wa Waingereza katika vita ya 1939 hata 1945. Mti huo ni zawadi ya jirani asiyesahau wema.

Wayahudi nao wana siku kuu ya Hanukkah, ambayo mara nyingi huangukia Desemba. Hukumbuka kutakaswa kwa Hekalu la Yerusalemu mwaka 164 kabla ya Kristo. Usiku wa kwanza huwasha taa moja, wa pili mbili, mpaka zitimie nane. Na taa hizo huwekwa karibu na dirisha au mlango ili wapitao njiani wazione.

Katika Uajemi, nchi iitwayo leo Iran, usiku mrefu kuliko zote huitwa Yalda. Jamaa hukusanyika kwa mzee wao, wakakesha wakila makomamanga na matikiti, na kusoma mashairi ya Hafez. China siku hiyo huitwa Dongzhi. Watu wa kusini hula vidonge vya mviringo vya unga wa mchele katika mchuzi, kuwa ishara ya jamaa waliokutanika. Wa kaskazini hula vifuko vya unga vyenye nyama ndani. Wakorea hupika uji wa maharagwe mekundu. Wajapani hula boga, lililovunwa tangu miezi ya joto likahifadhiwa.

Upande wa kusini wa dunia majira yamegeuka, na baridi yao huja mwezi wa Juni. Cusco, katika nchi ya Peru, Wainka walikuwa na sherehe ya jua iitwayo Inti Raymi. Watawala wa Kihispania waliipiga marufuku, lakini ilifufuliwa mwaka 1944, na sasa hufanywa kila tarehe 24 Juni. Hata pwani yetu, wakati wa kipupwe, watu wa Makunduchi katika kisiwa cha Unguja husherehekea Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, na asili yake ni ile Nairuzi ya Waajemi. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili magomvi ya mwaka yaishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wageni wote hukaribishwa kula.

Ndugu zetu, katika habari hizi zote twaona mambo matatu. Watu huwasha taa gizani. Hula mazao ya nchi yao wenyewe waliyoyaweka akiba. Tena hawali peke yao, bali humkumbuka mzee, mgeni, mpita njia, hata na ndege wa angani.

Lakini sisi twaichukua karamu yao bila kuyatazama majira yetu. Desemba yao huja kazi ya shamba ikiwa imekwisha. Desemba yetu, katika wilaya nyingi, huja mvua ikinyesha, jembe likiwa mkononi, na chakula cha ghalani kimepungua. Mtu akikopa mwezi huo ili avae na kushiba siku moja, mwezi wa Januari humkuta hana mbegu za kupanda wala sare na madaftari ya mtoto wa shule. Hata Ulaya leo wako wanaonunua zawadi kwa deni, nao huona taabu kama hiyo hiyo. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi shauri letu ni hili. Wakati wa mavuno kila nyumba itenge debe moja la nafaka, na kuku wawili au watatu waachwe wakue, vyote viitwe vya siku kuu, wala visiguswe. Walimu wawafundishe watoto kupamba nyumba na shule kwa matawi na maua ya hapa hapa, yasiyonunuliwa. Nanyi machifu, ambao watu huwatazama, mkianza ninyi kufanya karamu ya kiasi bila deni, maskini hataona haya kufuata. Na katika kila chungu kitakachopikwa, kitengwe kisahani cha mjane, cha yatima, na cha jirani aliye mgonjwa. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Twawatakia siku kuu njema na mwaka wa mvua za kutosha.