JENERALI MBELE YA BUNGE: NANI ANA HAKI YA KUHOJI VITA?

(Hotuba ya wakili katika mkutano wa wanaharakati na waumini, Msambweni)



Nimeombwa nijibu swali moja: je, jenerali anayetaka kuacha jeshi, au aliyekwisha kuliacha, ana haki ya kuukosoa uongozi wa vita? Wapo wanaosema kwamba askari ni askari hadi kaburini, na kwamba mambo ya vita hayaanikwi mbele ya raia. Nitajibu kwa kesi iliyotokea kwa jirani zetu wa Uganda.

Tarehe 29 Novemba 1996, Meja Jenerali David Tinyefuza, aliyekuwa mshauri wa Rais, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge ya ulinzi na mambo ya ndani. Wabunge walikuwa wakichunguza vita vya kaskazini dhidi ya waasi wa Joseph Kony. Jenerali aliulaumu uongozi wa jeshi kwa jinsi ulivyoviendesha vita hivyo. Wakubwa walikasirika, na zikavuma habari kwamba angechukuliwa hatua za nidhamu. Mwezi uliofuata aliandika barua ya kujiuzulu. Akajibiwa kwamba yeye bado ni mwanajeshi, na kwamba hawezi kutoka ila kwa kufuata kanuni za jeshi. Akaenda mahakamani.

Ndugu zangu, hapo ndipo mjadala ulipopotezwa. Badala ya kuuliza kama aliyoyasema ni kweli, watu walibishana kama msemaji ametoka jeshini au hajatoka. Aprili 1997 Mahakama ya Katiba ilimpa ushindi. Januari 1998 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo. Sisi mawakili tulipata kesi ya kunukuu. Wananchi wa Acholi hawakupata jibu. Vita viliendelea kwa miaka mingine, na watu zaidi ya milioni 1 wakaishia kambini, mbali na mashamba yao. Baadaye uchunguzi ulifichua kwamba mishahara ilikuwa ikilipwa kwa askari hewa. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ilimhukumu Meja Jenerali James Kazini, aliyewahi kuliongoza jeshi hilo, kifungo cha miaka 3 kwa makosa yaliyohusu askari hao. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hata hivyo, tusimfanye Tinyefuza mtakatifu. Mwaka 1991 yeye mwenyewe aliongoza operesheni kubwa huko kaskazini, na watetezi wa haki za binadamu waliilaumu kwa mateso waliyopata raia. Basi kumlinda msemaji si kumtakasa. Shahidi naye huhojiwa. Ndiyo maana mahali pake ni Bungeni, mbele ya wawakilishi wanaoweza kumuuliza: na wewe ulipokuwa na amri mkononi, ulifanya nini?

Jambo hili si geni kwetu hapa Kwale. Tarehe 13 Agosti 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki. Maelfu ya watu walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni. Kisha ukaja msako, na Wadigo wengi wasio na hatia wakakamatwa na kupigwa. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998, na maofisa wa usalama wakaitwa kueleza mbele yake. Ripoti ilikabidhiwa mwaka 1999, lakini wananchi hawakuiona hadi 2002. Muda wote huo aliyefiwa hakuwa na haki ya kusoma habari za msiba wake!

Tukaja kwenye vita vya Somalia. Januari 2016 kambi ya majeshi yetu ilishambuliwa huko El Adde. Serikali haikututajia idadi ya waliokufa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alipotaja karibu 200, jeshi letu lilikana, lakini halikutoa idadi yake. Mama aliyempeleka mwanawe jeshini anastahili zaidi ya jeneza na bendera.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imeufungua mlango. Kifungu cha 240 kinataka majeshi yasipelekwe nje bila idhini ya Bunge, na kwamba Baraza la Usalama wa Taifa lilipe Bunge ripoti kila mwaka. Kifungu cha 125 kinaipa kamati ya Bunge uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi. Kifungu cha 24 kinaorodhesha haki ambazo sheria inaweza kuwapunguzia walio katika utumishi wa jeshi. Uhuru wa kujieleza haumo katika orodha hiyo. Sisemi kwamba afisa atangaze mipango ya mapigano ya kesho. Siri ya kumlinda askari ni halali. Siri ya kumlinda mkubwa aliyempoteza askari si halali.

Waumini wanakumbuka habari za Uria. Daudi aliandika barua, na Yoabu, mkuu wa majeshi, akamweka Uria penye mapigano makali. Yoabu alitii, akanyamaza. Nabii Nathani alikuja kusema baadaye, Uria akiwa amekwisha kuzikwa. Laiti Yoabu angesema mapema!

Basi, kila atakayekuja kutuomba kura, wa chama chochote, tumuulize mambo matatu. Je, utadai ripoti ya kila mwaka ya usalama ijadiliwe waziwazi? Je, utawaita majenerali, walio kazini na waliostaafu, mbele ya kamati? Je, utamlinda atakayesema kweli, hata kama kweli hiyo inakiumiza chama chako? Asiyeweza kuyajibu hayo asikabidhiwe watoto wetu.