Sukari za Kondo na Presha ya Mimba

Msikilizaji wa Bukoto, sukari inayozungumzwa hapa si ya chai. Ni minyororo myembamba iliyozifunika seli za kondo la nyuma. Mmojawapo, heparani salfeti, hushikilia protini zinazoongoza mishipa ya damu. Kwa wajawazito wenye presha kali, watafiti wameikuta imebadilika.

Elimu nzuri, ila bado ni ya maabara. Kliniki inatumia mashine ya presha: ikifika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya mimba, mkojo nao upimwe protini. Tena, tangu 2002 imethibitika kwamba magnesiamu salfeti hupunguza kwa nusu hatari ya kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha hii.

Mama, kichwa kikiuma sana au macho yakiingia ukungu, usingoje asubuhi. Hospitali ya Naguru iko jirani.