Utafiti na Matokeo ya Upasuaji wa Moyo na Mapafu: Mafunzo kwa Rwanda

1. Utangulizi

Matokeo ya upasuaji wa moyo na mapafu hayapimwi kwa mgonjwa kutoka hai katika chumba cha upasuaji pekee. Hupimwa pia baada ya siku 30, mwaka mmoja na miaka 10: je, anapumua bila taabu, amerudi shambani au darasani, valvu aliyowekewa inafanya kazi, ameepuka kiharusi? Mada hii inapitia tafiti zilizoboresha matokeo hayo, na hoja yake ni moja: kwa Rwanda, utafiti wenye faida kubwa zaidi ni ule unaomfuata mgonjwa hadi nyumbani.

2. Wagonjwa wenyewe

Ulaya, wengi wanaopasuliwa moyo ni watu wazima wa makamo na wazee. Rwanda, wengi ni vijana na watoto wenye kasoro za kuzaliwa au valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo chanzo chake ni maambukizi ya koo. Tofauti hii inagusa hata vipimo vya hatari. EuroSCORE II, inayotumika kukadiria uwezekano wa kifo baada ya upasuaji, ilitengenezwa kwa takwimu za wagonjwa zaidi ya 22,000 wenye wastani wa umri wa miaka 64 hivi. Kwa msichana wa miaka 18 mwenye valvu iliyosinyaa, makadirio hayo yanaweza kupotosha.

Utafiti wa REMEDY, ulioandikisha wagonjwa 3,343 wa baridi yabisi ya moyo katika nchi 14, Rwanda ikiwemo, ulionyesha ukubwa wa tatizo: takriban asilimia 17 walifariki ndani ya miaka miwili, na nusu ya waliofariki hawakufikisha miaka 29.

3. Kabla ya upasuaji

Matokeo huanza kuboreka kabla ya kisu. Katika jaribio la GOAL lililofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021, watoto 818 wenye dalili za awali za baridi yabisi ya moyo, zilizoonekana kwa eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), waligawanywa makundi mawili. Miongoni mwa waliochomwa sindano ya penisilini kila mwezi, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 yao; kwa wasiochomwa, asilimia 8.2.

4. Ndani ya chumba cha upasuaji

Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, ambayo hayakuhusu upasuaji wa moyo, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kuulizana jina la mgonjwa, mahali pa kupasua na akiba ya damu hakugharimu mashine mpya.

5. Baada ya upasuaji

Timu ya Operation Open Heart kutoka Australia ilianza kufanya upasuaji wa moyo nchini Rwanda mwaka 2006, na Team Heart ya Boston mwaka 2008, zote katika Hospitali ya King Faisal, Kacyiru. Timu zilipoondoka, uangalizi ulibaki kwa wahudumu wa nchini. Wauguzi wa hospitali za wilaya kama Rwinkwavu na Kirehe walifundishwa kutumia eko na kusimamia dawa za moyo.

Mwenye valvu ya chuma humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupima mara kwa mara INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda. Dawa ikipungua damu huganda kwenye valvu, ikizidi, huvuja. Jaribio la kuibadilisha warfarini kwa dabigatrani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya madhara. Valvu ya tishu haihitaji warfarini ya kudumu, lakini kwa kijana huchakaa mapema. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa uamuzi ni mgumu zaidi, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Umbali nao ni sehemu ya tiba. Mkazi wa Sonatubes, wilayani Kicukiro, yuko karibu na hospitali kubwa za Kigali. Anayetoka vijijini Bugesera hupita njia panda hiyohiyo ya Sonatubes baada ya kulipa nauli na kupoteza siku ya kazi. Kipimo cha INR kilicho karibu naye kinaweza kuamua kama atapimwa au la.

6. Mapafu

Afrika Mashariki, upasuaji wa kifua mara nyingi hutibu madhara ya kifua kikuu na usaha uliojaa kuzunguka pafu. Mwongozo wa mwaka 2019 wa jumuiya za ERAS (ya kuharakisha kupona baada ya upasuaji) na ESTS (ya madaktari wa upasuaji wa kifua Ulaya) unasisitiza kuacha sigara wiki nne kabla, kutuliza maumivu vizuri, mazoezi ya viungo, kumwinua mgonjwa kitandani mapema na kutoacha bomba la kifua kwa muda usio wa lazima.

7. Mapendekezo

- Kuwe na rejesta moja ya taifa ya kila aliyepasuliwa moyo au kifua, yenye taarifa za siku 30, mwaka mmoja na miaka 10.
- Kipimo cha INR na penisilini vipatikane katika kila hospitali ya wilaya.
- Vipimo vya hatari vitengenezwe kwa takwimu za wagonjwa wa ukanda huu.
- Wauguzi wa wilaya washirikishwe kama watafiti, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani hakurudi kliniki na kwa nini.