Jikoni na Chumbani: Mazungumzo kwa Familia Zilizohamia Kerugoya

 

Familia inayotoka Mombasa huona mabadiliko kwanza jikoni: maharagwe hayaivi haraka. Si kwamba ni mabovu. Kerugoya iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100. Loweka maharagwe na mahindi ya githeri usiku kucha, utaokoa makaa. Mchele wa pishori uko karibu: panda matatu hadi Kutus, kisha gari la Mwea.

Jambo zito ni baridi ya Juni hadi Agosti. Mgeni ambaye hajaizoea huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha ili watoto wapate joto. Makaa hayo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kuikimbia. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Akipatikana hivyo, mtoeni nje haraka apate hewa safi, kisha mpelekeni hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Kerugoya, hata akisema amepata nafuu.

Wenyeji, msisubiri mgeni aulize. Mwambieni anunue blanketi zito na sweta za watoto mapema, na kabla ya kulala jiko litolewe nje.